Siku nne za kuficha damu: jibu kwa mama wa Kisauni

"Daktari, naandika kutoka Kisauni. Mwezi uliopita tulimzika binti wa jirani yangu. Alikuwa na miaka 19, yuko chuo. Siku nne alilala ndani akisema hedhi imemjia vibaya, mamake akimkanda kwa maji ya moto na kumpa dawa za maumivu. Siku ya tano homa ikapanda, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, wakampakia kwenye tuktuk. Hakurudi. Msibani ndipo tukasikia kwamba alitoa mimba, na kwamba rafiki yake alijua tangu siku ya kwanza lakini akanyamaza kwa kuogopa polisi. Nina wasichana wawili, wa miaka 16 na 20, na tangu siku ile silali. Je, ni kweli msichana kama huyo akipelekwa hospitali anashikwa? Ni nini hasa kilichomuua, maana damu sote twatokwa? Na hawa wangu niwafanyeje? Nikiwapeleka kupanga uzazi si nimewafungulia mlango? Shangazi yao ashasema sindano huziba kizazi, na P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, nayo ni kutoa mimba kwa siri."

Pole sana kwa msiba, dada. Nitaanza na hilo la polisi, kwa sababu ndilo lililomfunga mdomo yule rafiki. Sikumpima binti huyo, kwa hiyo siwezi kuapa kilichomtokea. Lakini hayo uliyoyaeleza tunayajua mno wodini, na kwa maoni yangu zile siku nne ndizo zilizomuua kuliko chochote alichomeza au kutiwa.

Msichana akifika kasualti anavuja damu, kazi yetu ni kumtibu. Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haiulizi dharura imetoka wapi. Kumtibu mtu ambaye mimba yake imeharibika si kosa, iwe ilitoka yenyewe au ilitolewa. Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: mara nyingi sisi wenyewe hatuwezi kutofautisha. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 15 hutoka zenyewe, bila mtu kufanya lolote, na mama aliyeolewa na anayemtaka mtoto kwa moyo wote huja na damu ile ile na maumivu yale yale. Matibabu ni mamoja. Tukimuuliza msichana "ulitumia nini?", tunataka kujua tutafute wapi. Akisema aliingizwa kitu, tutachunguza kama mji wa mimba umetoboka. Akisema alikunywa kitu, tutapima ini na figo. Kwa hiyo aseme kweli.

Sitakudanganya kwamba hakuna aliyewahi kusumbuliwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 158 hadi 160, bado inamtishia anayetoa mimba kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Katiba nayo, Ibara ya 26(4), inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo mhudumu wa afya aliyefunzwa anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 imeeleza mhudumu huyo ni nani: daktari, afisa wa kliniki, muuguzi au mkunga aliyesomea kazi hiyo. Katikati ya sheria hizi kuna wanawake na wahudumu waliokamatwa, na kuna wauguzi wenye ndimi kali wanaomtia msichana haya mbele za watu. Hayo yapo. Dawa yake ni kumpeleka na mtu mzima asiyetetereka, akae naye, na akiona mambo yanakwenda mrama aombe kuonana na msimamizi wa zamu. Kuhojiwa kuna mwisho wake. Usaha ukishaingia kwenye damu haumngoji mtu apate ujasiri.

Sasa, kilichomuua. Mimba inapokuwa ndani, kondo hujishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na mishipa ya damu ya mama pale hupanuka ili imlishe mtoto. Mimba ikitoka, mishipa hiyo huachwa wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wenyewe. Nyuzi zake zimepishana kama ukili, mishipa ikipita katikati. Nyuzi zikikaza, mishipa hubanwa na damu hukatika. Kipande cha kondo kikibaki ndani, hata cha ukubwa wa ukucha, mji haukazi sawasawa. Damu inaendelea. Hiyo ni njia ya kwanza ya kufa, na inaweza kuchukua saa chache tu.

Njia ya pili ni ya polepole, na nadhani ndiyo iliyompitia binti wa jirani yako. Nyama iliyobaki ndani huoza. Ni mahali pa joto, pana damu, na kama aliingizwa kitu kisichotakaswa basi bakteria wameshapelekwa hadi mlangoni. Siku ya kwanza na ya pili hutaona kitu ila maumivu. Damu inaweza hata kupungua, na nyumba nzima ikapumua ikidhani yamekwisha. Siku ya tatu hivi homa inaanza, na mtu anatetemeka kama mwenye malaria, ndiyo maana wengi hupewa dawa za malaria. Kisha bakteria na sumu zao huingia kwenye damu, presha inashuka, figo zinakosa damu na mkojo unapungua, ubongo nao unakosa. Hapo ndipo mtu huanza kuweweseka. Najua kwetu Mombasa mtu akiweweseka kuna wanaotaka asomewe kwanza. Msomeeni, lakini msomeeni njiani, gari likiwa linakwenda hospitali.

Zipo njia nyingine. Chombo kinaweza kutoboa mji hadi kugusa utumbo. Pepopunda huingia kwa chuma kichafu. Dawa na kemikali za kunywa zinaweza kuua ini kabla hazijaigusa mimba. Na anayenusurika anaweza kubaki na mirija iliyoziba kwa makovu, na huo ndio ugumba ambao baadaye watu huulaumu uzazi wa mpango.

Linaloniuma ni kwamba matibabu, mtu akija mapema, ni mepesi. Watu huyaita kusafishwa, na huwazia visu. Kumbe ni bomba la mkono la kufyonza, halitumii umeme, kazi ya dakika 10 hadi 15 kwa ganzi na dawa ya maumivu. Wakati mwingine ni vidonge tu, anavyopewa pale pale hospitalini. Anaongezewa dawa za kuua bakteria, chanjo ya pepopunda ikihitajika, na wengi hurudi makwao siku hiyo hiyo. Akija siku ya tano tunazungumzia damu chupa kadhaa, chumba cha upasuaji, pengine kuondoa kizazi chote, pengine mashine ya kusafisha figo. Hata hapo hatuna hakika.

Kwa hiyo shika dalili hizi, na usizipime kwa siku. Pedi mbili kulowa chapa ndani ya saa moja, na saa ya pili vivyo hivyo. Kwetu watu hukunja leso badala ya pedi, na leso hunywa damu nyingi bila kuonekana, basi hesabu na leso. Homa au kutetemeka. Uchafu wenye harufu mbaya. Tumbo kuuma bila kupoa au kuwa gumu. Kizunguzungu, kuzimia, macho ya manjano, mkojo kidogo. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo au yanayopanda mpaka begani, hata kama damu ni tone tu, kwa sababu hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na imepasuka. Na msiamini nguo: nimewapokea wasichana walioketi kimya kwenye benchi, buibui jeusi halionyeshi kitu, mpaka aliposimama tukaliona benchi. Ukiona moja tu katika hizo, ni kwenda sasa hivi, usiku usiku. Makadara, yaani hospitali kuu ya Pwani, haifungi. Walio Likoni au Changamwe waanzie hospitali ya karibu yao kuliko kupoteza saa kwenye feri na foleni; wataanzishiwa maji na dawa, kisha wahamishwe ikibidi.

Umesema "msichana kama huyo", na hapo nitakupinga kidogo, kwa upole. Hakuna msichana kama huyo. Utafiti wa Wizara ya Afya na wenzake wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini mwaka ule, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Katika hao wamo wake za watu, wenye watoto wanne, wauza samaki, walimu, wenye ushungi na wenye msalaba shingoni. Zaidi ya saba katika kila kumi ya waliokuja kutibiwa hawakuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi walipopata mimba. Kwangu hiyo ndiyo hesabu ya kushika, maana hapo ndipo pa kuzibia.

Wapo wanaosema dawa ni sheria kali zaidi. Romania ilijaribu. Mwaka 1966 ilipiga marufuku karibu kila utoaji mimba, na dawa za kupanga uzazi nazo zikawa adimu. Wanawake hawakuacha, walihamia jikoni kwa watu, na vifo vya uzazi vikawa vya juu kuliko kwingine kote Ulaya. Marufuku ilipoondolewa mwishoni mwa 1989, vifo vilishuka kwa takriban nusu ndani ya mwaka mmoja. Unaweza kuwa na imani yako juu ya jambo hili, na mimi nina yangu, wala sikusudii kukubadilisha. Lakini swali la nani afe ni jingine, na katika hilo sijakutana na sheikh wala padri aliyeniambia nimwache msichana avuje damu.

Na hapa Kenya mahakama imeshalitazama. Msichana mmoja alibakwa akiwa mtoto wa shule, akatolewa mimba kienyeji mwaka 2014, akazungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kabla ya kupata matibabu kamili. Figo zikafa, na mwaka 2018 naye akafa. Juni 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea ilipoondoa mwongozo wa kitaalamu na mafunzo ya wahudumu kuhusu jambo hili, na kwamba aliyebakwa, ikiwa afya yake iko hatarini kwa maoni ya mhudumu aliyefunzwa, ana haki ya kuhudumiwa kwa usalama. Afya hapo ni ya mwili na ya akili pia.

Tuje kwa shangazi. Simlaumu, maana uvumi wake una mahali ulipotoka. Sindano ya miezi mitatu haizibi kizazi. Inachofanya ni kuchelewa kutoka mwilini: mtu akiiacha, anaweza kukaa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kabla ya kushika mimba. Basi aliyeolewa akaiacha mwezi wa kwanza na mwezi wa tano hana kitu, mtaa mzima unasema ameziba. Kipandikizi cha mkononi hakina uchelewesho huo. Kikitolewa, yai hurudi upesi. Kinadumu miaka 3 hadi 5 kutegemea aina. Kinaweza kuvuruga hedhi, damu ya matone matone au kukosa kabisa, na hilo ni bora alijue mapema kuliko kulishtukia. Koili ya shaba, ile inayowekwa ndani ya kizazi, inakaa miaka 10 au zaidi na haina homoni, ila hedhi inaweza kuwa nzito. Vidonge ni vizuri kwa anayeweza kukumbuka kila siku; wasichana wengi ninaowaona hawawezi, tena hawana pa kuvificha. Kondomu peke yake ndiyo inayozuia ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo hiyo haiachwi hata kama kuna njia nyingine.

P2 haitoi mimba. Inachelewesha yai lisitoke. Kama yai lilishatoka au mimba imeshatunga, haina kazi. Ndiyo maana inatakiwa mapema, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Wasichana kuila kama peremende kila wikendi ni jambo jingine. Haitawaua wala kuwafanya tasa, lakini itawaangusha, kwa sababu ni dhaifu kuliko njia za kawaida. Anayeihitaji kila mwezi anahitaji njia inayokaa muda mrefu.

Na huo mlango unaouogopa kuufungua? UNESCO imekusanya tafiti za nchi nyingi kuhusu kuwafundisha vijana habari za miili yao na uzazi, na hazikuonyesha kwamba mafunzo hayo yanawaharakisha kuanza kujamiiana. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba. Mlango uko wazi zamani, dada, na aliyeufungua si wewe. Mafunzo ya dini wape, ni wajibu wako. Uwape na haya.

Wasichana wako usiwaunganishe. Wa miaka 20 ni mtu mzima. Mwambie unachokijua, mwonyeshe kliniki ilipo, kisha mwache achague mwenyewe njia, asichaguliwe na wewe wala shangazi. Wa miaka 16 kwa sheria ni mtoto. Ukigundua ana mtu, usikimbilie sindano kabla hujajua mtu huyo ni nani. Akiwa ni mtu mzima, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, na mwenye kosa si mtoto wako. Akiwa amelazimishwa, mpeleke hospitali ndani ya saa 72, asioge kama inawezekana, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au bahasha, sio mfuko wa plastiki. Atapewa dawa za kuzuia ukimwi na mimba. Makadara wana kitengo cha waathiriwa wa dhuluma za kingono. Fomu ya P3 ya polisi, ile ya kuandikia majeraha, itafuata; matibabu hayaingojei.

Kisha waambie wote wawili, siku ya kawaida tu, mkichambua mchicha au mkikunja nguo: "Likikukuta lolote, niambie mimi kwanza. Nitafoka, lakini nitakupeleka." Usiongeze mawaidha siku hiyo. Ukiyaongeza, watayasikia mawaidha na kuisahau ahadi.

Mimba ikiwa imeshaingia, kitu cha kwanza ni kupima na kupiga skani, ili ijulikane ina wiki ngapi na imekaa wapi. Bila hivyo mtu anabahatisha. Vile vidonge vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina wala tarehe, hata aliyeviuza hajui ni vya nini na vya mimba ya umri gani, na kama mimba iko nje ya kizazi vitampotezea muda mpaka ipasuke. Skani ikishafanywa, mzungumze na mhudumu aliyesomea kazi. Wako wanaozaa na kurudi shule: sera ya kuwarejesha ipo tangu 1994, ikatolewa mwongozo mpya 2020, na mwalimu mkuu akikataa mpeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Wako ambao mtoto hulelewa na nyanya, au hupewa wazazi wengine kwa njia ya sheria. Na wako ambao mimba inahatarisha uhai au afya yao; hao Katiba imewawekea nafasi, na uamuzi hufanywa na mhudumu akikaa na mgonjwa.

Aliyetoka kutibiwa madhara ya mimba kuharibika asitoke hospitali bila kuulizwa habari za kupanga uzazi. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili, kabla hata hajaona hedhi. Mara nyingi hili ndilo linalosahauliwa, na ndiyo maana kuna sura tunazoziona mara ya pili.

Kuhusu wapi pa kuanzia: zahanati na hospitali za kaunti hutoa huduma ya kupanga uzazi, na dawa zenyewe za serikali hazilipiwi, ingawa kuna siku utaambiwa vipandikizi vimekwisha, uliza vinaingia lini, na uchukue njia nyingine ya kushikilia kwa wakati huo. Nenda asubuhi siku ya kazi. Ingia na binti mpaka kwa muuguzi, mjulishe, halafu toka nje uwaache waongee wawili. Kuna maswali hatayauliza ukiwa umekaa pale. Na wape namba mbili za bure waziweke kwenye simu: 116 ya watoto, na 1195 ya dhuluma za kijinsia.